John Walker: Muuza duka aliyekufa bila kujua jina lake lingefika Bujumbura

WATEJA wengi wa maduka ya vinywaji na kabare za Mutanga Nord, jijini Bujumbura, wanamfahamu kwa picha kabla ya kumfahamu kwa historia. Ni yule bwana wa kofia ndefu na koti jekundu, fimbo mkononi, anayetembea kwa hatua ndefu kwenye chupa ya pembe nne. Chupa yake hukaa rafu ya juu, mbali na Primus na Amstel, na mara nyingi hushushwa siku ya harusi, ya mahari au ya kumaliza mkataba mnono.

Kinachofahamika kwa wachache ni kwamba picha hiyo ilichorwa mwaka 1908, nusu karne baada ya mwenye jina kufariki dunia, na mchoraji wake, Tom Browne, hakuwahi kuonana naye. John Walker hakuwa tajiri wa kutembea dunia. Alikuwa muuza duka la vyakula katika mji wa Kilmarnock, kusini magharibi mwa Scotland. Chai na viungo ndivyo vilivyomweka mjini, na wiski ilikuwa sehemu ndogo tu ya mauzo yake hadi siku anafariki.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa ukanda huu, wakiwemo wale ambao dini au afya haiwaruhusu kuonja kilichomo ndani ya chupa hiyo, maisha ya mtu huyu yana somo. Yanaonyesha jinsi bidhaa ya duka moja la mtaani ilivyovuka mipaka, na nani hasa aliyeivusha.

John Walker alizaliwa Julai 25, 1805 katika shamba la Todriggs, karibu na Kilmarnock. Baba yake, Alexander, alikuwa mkulima. Mwaka 1819 baba alifariki, na kijana akabaki yatima wa baba akiwa na umri wa miaka 14, umri ambao hata kwa desturi za wakati ule ulikuwa mdogo mno kuachiwa shamba.

Wadhamini wa mirathi walikuwa na uamuzi wa kufanya. Wangeweza kumwacha kijana na mama yake wahangaike na jembe, au kugeuza mali kuwa mtaji. Walichagua la pili. Mali ya shamba iliuzwa, zikapatikana paundi 417, na fedha hizo zikawekezwa kwenye duka la vyakula, divai na vinywaji vikali mjini Kilmarnock. Mwaka 1820, akiwa bado hajafikisha umri wa mtu mzima, John alianza kusimama nyuma ya kaunta.

Familia ngapi za ukanda huu zimewahi kukaa kikao cha namna hiyo baada ya msiba, zikijadili iwapo shamba ligawanywe vipande au liuzwe watoto wafunguliwe biashara? Katika familia ya Walker mtaji haukugawanywa kwa ndugu wala haukuliwa kwenye matanga. Uliingia dukani wote.

Wakati huo wiski ya Scotland haikuwa na heshima iliyo nayo leo. Sehemu kubwa ilipikwa milimani kwa siri, kama gongo inavyopikwa Tanzania, chang'aa nchini Kenya au waragi ya vijijini Uganda. Kodi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mpishi wa halali alionekana mjinga. Wapishi walificha mitambo, wachukuzi walipitisha mapipa usiku, na maofisa wa ushuru walizunguka wakitafuta moshi.

Habari za kiwanda cha Cardhu, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, zinatoa picha ya hali ilivyokuwa. Mwanzilishi wake, John Cumming, alipika kwa magendo kabla ya kupata leseni. Inasimuliwa kuwa mkewe, Helen, alikuwa akiwakaribisha maofisa wa ushuru kwa chakula, na wakiwa mezani yeye alitoka nje na kupandisha bendera nyekundu ili majirani wenye mitambo wapate onyo. Kiwanda hicho kitarudi baadaye katika historia ya familia ya Walker.

Mambo yalibadilika mwaka 1823. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Ushuru iliyopunguza kodi kwa kiwango kikubwa na kuweka leseni ya paundi 10 kwa mwaka kwa mpishi wa halali. Badala ya kuongeza askari, serikali ilipunguza sababu ya kukimbia askari. Ndani ya miaka michache wapishi wengi walijitokeza na kuandikishwa, John Cumming akiwa miongoni mwa waliopata leseni mwaka 1824. Ni hoja ambayo wafanyabiashara wa mipakani hapa Afrika Mashariki wameisema mara nyingi kuhusu njia za panya: ushuru ukizidi faida, mzigo hutafuta kichaka.

John Walker hakuwa mpishi, lakini sheria hiyo ilimfungulia mlango. Kufikia mwaka 1825 duka lake lilikuwa likiuza ramu, brandi, jini na wiski. Sasa angeweza kununua wiski ya halali kutoka kwa wapishi mbalimbali bila kuogopa kunyang'anywa mzigo.

Hapo alikutana na tatizo ambalo kila mnunuzi wa mazao analijua, la ubora usiotabirika. Wiski ya mitambo midogo ilitofautiana kutoka mpishi hadi mpishi, na hata kutoka pipa hadi pipa. Pipa la leo lingekuwa laini, la kesho likachoma koo. Mteja aliyefurahi mwezi uliopita angerudi kulalamika mwezi huu, na lawama haikwenda kwa mpishi aliye mlimani bali kwa mwenye duka.

Kwenye biashara ya chai ya zama hizo ilikuwa kawaida kuchanganya majani ya asili tofauti ili mteja apate ladha anayoipenda. Walker alifanya hivyo hivyo kwa wiski. Hakuwa na chapa yake bado. Mteja alieleza anachotaka, naye akamchanganyia. Mmoja alipenda ladha ya moshi, mwingine alitaka kitu chepesi chenye utamu wa mbali. Kazi ya muuza duka ilikuwa kukumbuka ulimi wa kila mteja na kumpatia kile kile aliporudi.

Ladha hizo zina chanzo chake. Wiski ya kimea hutokana na shayiri iliyoloweshwa hadi ikachipua, kisha ikakaushwa. Visiwani magharibi mwa Scotland, hasa Islay, shayiri ilikaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi unaowaka, aina ile ile ya kuni ya ardhini ambayo Warundi huiita kwa Kifaransa tourbe na ambayo shirika la ONATOUR huichimba mabondeni. Moshi huo huingia kwenye nafaka na kubaki hadi ndani ya glasi. Bara, hasa katika bonde la mto Spey, ladha huwa ya matunda na asali zaidi. Wageni wanaozuru viwanda vya huko, ambavyo ni zaidi ya 140, huonyeshwa mitambo ya shaba, mapipa ya mwaloni na maghala ya baridi, kisha kila mmoja huondoka na kipenzi chake. Wapo wanaoapia moshi wa Islay na wapo wasiotaka hata kuunusa.

Walker alikuwa na faida ya kutofungwa na kiwanda kimoja. Alinunua kwa wengi, akachanganya kwa ajili ya wengi.

Alioa mwanamke aliyeitwa Elizabeth, na mwaka 1837 wakapata mtoto wa kiume waliyempa jina la babu yake, Alexander. Mwaka 1843 reli ilifika Kilmarnock na kuuunganisha mji huo na Glasgow, jiji lenye bandari na wafanyabiashara wakubwa. Mji ambao zamani ulipokea mizigo kwa mkokoteni sasa ulikuwa na treni. Kwa duka lililouza vitu vilivyotoka mbali, chai na divai zikiwemo, badiliko hilo lilikuwa sawa na barabara ya vumbi kuwekwa lami.

Kisha likaja pigo. Julai 1852 mto unaopita Kilmarnock ulifurika na maji yakaingia mjini. Bidhaa za Walker ziliharibika. John alikuwa na umri wa takriban miaka 47, na zaidi ya miaka 30 ya kazi ya kaunta ilikuwa imelowa tope.

Wafanyabiashara wa Bujumbura hawahitaji kuelezwa maana yake. Januari 27, 2013 soko kuu la jiji hilo liliteketea kwa moto, na watu waliolala wakiwa na vibanda vilivyojaa mali waliamka wakiwa na madeni. Aidha, miaka ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia kwenye nyumba na maduka ya Kajaga na Gatumba. Jambo hasa linalomsumbua mfanyabiashara baada ya janga kama hilo ni iwapo bado kuna mtu atakayempa mzigo kwa mkopo na iwapo wateja watamsubiri.

Walker alianza upya katika mji ule ule. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1857, alifariki dunia. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuuza wiski kwa jina lake na la mji wake. Lakini wiski ilikuwa imechangia takriban asilimia 8 tu ya mapato ya duka. Kama historia ingeishia hapo, John Walker angekumbukwa na wazee wachache wa Kilmarnock kama muuza chai mwaminifu aliyenusurika mafuriko.

Alichoacha ni duka lililosimama tena, jina lisilo na doa na mrithi aliyekuwa tayari. Alexander alikuwa na umri wa miaka 20.

Miaka mitatu baada ya kifo cha baba yake, sheria ilibadilika tena, na badiliko hili liliigeuza biashara nzima. Hadi wakati huo, mfanyabiashara aliyetaka kuchanganya wiski ya kimea na wiski nyepesi ya nafaka, ambayo ilikuwa ikitoka kwa wingi na kwa bei nafuu kwenye mtambo uliosajiliwa na Aeneas Coffey mwaka 1830, alilazimika kwanza kulipia ushuru kila pipa. Mtaji wake ulikaa mikononi mwa serikali kabla hajauza hata chupa moja. Sheria ya Vinywaji Vikali ya mwaka 1860 iliruhusu kuchanganya ndani ya ghala la forodha, ushuru ukiwa haujalipwa. Mzigo ulilipiwa ulipotoka kwenda sokoni.

Wakala yeyote wa forodha kati ya Dar es Salaam na Kobero ataitambua kanuni hiyo mara moja. Ndiyo inayowezesha kontena la Burundi kupita Tanzania kwa dhamana, likiwa na lakiri, bila kulipiwa ushuru wa Tanzania njiani. Bila kanuni hiyo mfanyabiashara mdogo hawezi kushindana, kwa kuwa fedha zake zote hufungwa kwenye kodi ya bidhaa ambayo haijamwingizia chochote.

Alexander aliitumia nafasi hiyo. Alichanganya kwa wingi kitu ambacho baba yake alikuwa akichanganya kwa mteja mmoja mmoja, na mwaka 1867 akasajili wiski aliyoiita Old Highland Whisky.

Soko alilitafuta baharini. Glasgow ilikuwa na meli zilizokwenda kila pembe ya dunia, na manahodha wake walizoea kubeba bidhaa za wafanyabiashara na kuziuza bandarini kwa kamisheni. Alexander aliwakabidhi chupa zake. Hakuwa na ofisi Asia wala Australia, lakini nahodha alikuwa ofisi inayotembea. Alijua bandari gani ina wanunuzi, nani analipa na nani hukopa akapotea. Kwa maneno mengine, chapa hii ilipelekwa duniani na wasafirishaji kabla ya kupelekwa na watangazaji.

Safari hizo zilikuwa na hasara yake, kwani chupa za mviringo zilivunjika. Jibu lilikuwa chupa ya pembe nne. Hesabu yake ni rahisi na kila mpakiaji anaweza kuifanya. Chupa ya mviringo ikiwekwa kwenye nafasi ya mraba huacha wazi zaidi ya moja ya tano ya nafasi hiyo. Chupa za pembe nne hukaa ubavu kwa ubavu, hazibingiriki, kasha moja hubeba nyingi zaidi na zinazovunjika hupungua. Lebo nayo ilibandikwa kwa mshazari, kwa nyuzi 24, ili maandishi yapate nafasi ya kuwa makubwa na yasomeke kutoka mbali.

Kwa hiyo umbo ambalo wateja wa leo huliona kuwa la kifahari lilizaliwa na shida ya usafirishaji. Mapambo yalifuata baadaye.

Mwaka 1880 kampuni ilifungua ofisi London. Alexander alipofariki mwaka 1889, wiski ilikuwa imeshapanda kutoka ile asilimia 8 ya baba yake hadi kati ya asilimia 90 na 95 ya mapato. Duka la chai lilikuwa limegeuka kampuni ya wiski.

Wajukuu wa John, George na Alexander wa pili, walikamilisha kazi. Mwaka 1893 walinunua kiwanda cha Cardhu kutoka kwa familia ya Cumming, kile kile cha bendera nyekundu, ili wasitegemee tu mapipa ya kununua kwa wengine. Waligundua pia kuwa wanunuzi wa nchi za mbali hawakusumbuka kukariri majina marefu ya Kiingereza. Waliagiza kwa rangi ya lebo. Mwaka 1909 kampuni ilikubali lugha ya wateja wake, na nyekundu na nyeusi zikawa majina rasmi. Kufikia mwaka 1920 chupa hizo zilikuwa zikiuzwa katika nchi 120.

Ndipo pia alipozaliwa upya mzee wa Kilmarnock, akiwa na kofia na fimbo, na John akawa Johnnie.

Hata hivyo, ukubwa una bei yake. Mwaka 1925 kampuni iliungana na Distillers Company. Mwaka 1986 kundi hilo lilinunuliwa na Guinness, na mwaka 1997 muungano mwingine ukazaa Diageo. Kila hatua iliipeleka chapa mbali zaidi na kaunta ilikoanzia. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa kiwanda cha kufungashia cha Kilmarnock kingefungwa, wakazi waliandamana, lakini mwaka 2012 mlango ulifungwa. Mji uliolipatia jina hilo duka lake la kwanza ulibaki na kumbukumbu, na kwenye eneo la kiwanda pakajengwa chuo. Mgeni anayetaka kuona historia ya Walker huelekezwa Edinburgh, ambako jumba la wageni la chapa hiyo lilifunguliwa mwaka 2021, au Cardhu kwenyewe.

Lipo jambo la kutafakari hapo kwa miji ya ukanda huu inayojivunia bidhaa zake. Jina linaweza kusafiri bila mji wake, na likishauzwa mji hauna tena neno la kusema.

Maisha ya John Walker, yakipimwa kwa vitabu vya hesabu, yalikuwa ya kawaida: mtaji wa urithi, duka moja, mafuriko moja, miaka 37 ya kazi. Hakuvumbua wiski, wala hakuwahi kuuza chupa yenye picha yake. Alichofanya ni kumpa mteja aliyerudi kitu kile kile alichokipenda mara ya kwanza, na kutoliacha jina lake liharibike hata bidhaa zilipoharibika. Mengine yote yalifanywa na sheria mbili za ushuru, reli moja, manahodha wasiojulikana na mtoto aliyeelewa hesabu ya kasha.

Ndiyo maana bidhaa bandia ni tatizo zito kuliko ushuru unaopotea. Anayejaza pombe ya kienyeji kwenye chupa ya pembe nne na kuifunga kifuniko kipya humuibia mteja afya, na huuza uaminifu uliochukua vizazi vitatu kuujenga. Mwenye duka anayenunua kasha lisilo na karatasi kwa sababu ni la bei ya chini huweka rehani jina lake mwenyewe, jambo ambalo Walker hakulifanya.

Kwa dereva, somo ni la mzigo na si la glasi. Kati ya bandari ya Dar es Salaam na Bujumbura kuna zaidi ya kilomita 1,500 za matuta, mizani na vilima, na kwa kila kasha linalofika likiwa zima mtu fulani njiani amefanya kazi ya wale manahodha wa Glasgow. Jina lake haliandikwi kwenye lebo. Lakini chupa inapotua mezani Mutanga Nord ikiwa haijapasuka na lakiri yake ikiwa haijaguswa, na yeye amemjengea jina mwenye mzigo.